Pokea kwa Mkono Mmoja

Dolmando, 14 Oktoba 1993

Mama mpendwa,

Leo nimetimiza wiki moja kisiwani, na tumbo langu ndiyo kwanza linashuka kutoka melini. Boti ya barua huja kila Alhamisi bahari ikikubali, na bahari ya huku ni mkaidi, kwa hiyo ukikaa wiki tatu bila habari zangu usianze kulia mbele ya wateja wako wa vifungo vya nguo. Simu ni moja tu, iko ofisi ya kijiji, na mwenyekiti hukaa pembeni kusikiliza kila neno.

Kazi imeanza vizuri kuliko nilivyotegemea. Bibi Heo Okdan ana miaka themanini na moja, meno manne na ulimi wa wembe. Ndiye mtu wa mwisho anayejua wimbo wa kuwaita waliozama, ambao ndio tasnifu yangu nzima. Wimbo una sehemu kumi na mbili, wenyewe huziita milango, na hakuna mtafiti aliyewahi kunasa hata mmoja. Waliokuja mwaka juzi aliwamwagia maji ya kuoshea samaki. Mimi alinitazama mdomo kwa muda mrefu, kisha akauliza mama yangu ni wa wapi. Nikamwambia ni wa Hapcheon, bara, yatima wa vita. Akasema, "Hapcheon. Haya, ingia, mtoto wa Hapcheon, ufunge mlango, upepo wa huku hauna adabu." Jioni hiyo hiyo akanipa mlango wa kwanza. Sasa tuko wa tatu.

Kuna jambo la kuchekesha. Sauti ya mlango wa tatu nimewahi kuisikia. Ni ile uliyokuwa ukiivumisha puani ukipiga pasi, tulipokuwa wadogo. Uliipata wapi?

Ndugu yangu Eunho ameshatoka kwenye boti ya ngisi, au bado yuko baharini? Msalimie, na mwambie akate nywele.

Mwanao,
Eunsil

—

Busan, 27 Oktoba 1993

Eunsil,

Barua yako imefika, na sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Baba yako kifua kimembana tena. Hasemi, ila usiku namsikia.

Wimbo huo siujui. Nilikuwa naimba za redioni kama wanawake wote wenye pasi. Wewe una masikio ya baba yako, yanasikia hata lisilosemwa.

Kama umepata milango mitatu, kwa nini isitoshe? Nyumba yetu ina mlango mmoja, na miaka thelathini tunaingia na kutoka bila taabu. Mwambie profesa wako baba ni mgonjwa, urudi uandike ulichonacho. Shahada ya uzamivu haijawahi kumpikia mtu uji. Huyo bibi kizee naye muache apumzike. Kumsumbua mtu wa umri huo ni dhambi.

Eunho yuko bado kwenye boti. Nilimkataza bahari kabla hajajua kutembea, na unaona alivyonisikia.

Rudi kabla ya baridi.

Mama yako,
Maeng Malsun

—

Seoul, 9 Novemba 1993

Ndugu Pyo Eunsil,

Nimepokea kanda sita na maelezo yake. Nikupongeze, ingawa si desturi yangu kumpongeza mwanafunzi kabla ya mwisho. Uwanja wetu wa masomo ya urithi umeungoja wimbo huu kwa kizazi kizima.

Lakini tuelewane. Tasnifu isiyo na mlango wa kumi na mbili ni nyumba isiyo na paa. Jopo halitaipitisha, na mimi sitaitetea. Vilevile napenda kupata picha za kengele ya shaba ambayo bibi huyo huishika anapoimba: mbele, nyuma, na maandishi ya ndani kama yapo.

Jambo la pili. Maombi ya kuuingiza wimbo katika orodha ya urithi wa taifa yanafungwa mwisho wa Februari. Sharti mojawapo ni kwamba mwenye wimbo awe na mrithi, jina lake liandikwe kwenye fomu. Ulizia kisiwani. Akikosekana, tutatafuta njia.

Msimamizi wako,
Prof. Ma Dongcheol

—

Busan, 18 Novemba 1993

Eunsil,

Sijapata jibu lako, na hapa Busan upepo unang'oa mabati, sembuse huko. Nakuandikia kabla sijapoteza ujasiri.

Sikiliza neno moja, kisha usiniulize nimelijuaje. Bibi huyo akikupa kitu chochote, kiwe kikombe, kiwe kitambaa, hata kiazi, kipokee kwa mkono mmoja. Najua nilikuchapa vidole ukiwa na miaka minne ili ujifunze kupokea kwa wakubwa kwa mikono miwili. Leo nakwambia mimi niliyekuchapa: kuwa mtovu wa adabu. Acha wakuseme, acha waseme mama yake hakumfunza. Mkono mmoja.

Na kengele usiiguse kabisa.

Mama

—

Dolmando, 20 Novemba 1993

Mama,

Boti haijaja siku kumi na sita. Barua hii naiandika tu iungoje upepo, labda na zako zimekwama bandarini Mokpo.

Nina milango minane. Bibi anachoka upesi siku hizi, lakini akishaanza kuimba sauti yake inakuwa ya mwanamke wa miaka ishirini. Amepunguza matusi pia. Jana alinichana nywele.

Leo nilimuomba niipige picha kengele yake, kwa ajili ya Profesa Ma, aliyeniomba kwa simu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliifungua kwenye kitambaa cha buluu, akaninyooshea. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nilipiga magoti, nikainama, nikaipokea kwa mikono miwili, mtoto wa Maeng Malsun, aliyefunzwa kwa kuchapwa vidole. Uani palikuwa na wanawake wanne wanachambua mwani. Wote wakageuka kunitazama. Mmoja akaweka kisu chini.

Bibi akasema, "Sasa moyo wangu umetua." Jioni nilipotaka kuirudisha, akaukunja mkono wake kifuani. "Kaa nayo," akasema, "yangu mikono imechoka." Kwa hiyo iko chumbani kwangu, juu ya sanduku la kanda. Haijafunikwa, kwa sababu amesema isifunikwe tena.

Baba anaendeleaje na kifua?

Eunsil

—

Dolmando, 12 Desemba 1993

Mama,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Ile ya mkono mmoja niliisoma nimesimama, nikaketi.

Nimechelewa, ulishaelewa. Sasa nikueleze yanayotokea, maana sina wa kumweleza. Hakuna tena anayeniita kwa jina. Wananiita Mshika Kengele, hata watoto wa shule. Wazee wa kiume, walionitania mwezi wa kumi kwamba nitaolewa na pweza, sasa wananiamkia wao kwanza. Mlangoni pangu kila asubuhi pana samaki, na anayewaleta huwa ameshaondoka.

Wiki iliyopita nahodha mmoja alikuja na kofia mkononi, akauliza, "Tutoke au tusitoke?" Nikacheka. Nikamwambia, "Baba yangu, mimi ni mwanafunzi, nijue nini?" Akasema, "Asante," akaondoka. Siku nne hakuna boti iliyotoka Dolmando. Siku ya pili yake bahari ilichafuka. Boti moja ya kisiwa cha jirani, ya watu ambao hawakuniuliza, ilitoka. Hadi leo hawajaonekana.

Nimesoma makala mia kuhusu imani kama hizi. Ningeweza kukuchambulia yote haya kwa istilahi, na ningepata alama nzuri. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Hapcheon hakuna bahari, Mama. Ulijuaje habari za kengele? Mimi sikukutajia kengele katika barua ya kwanza.

Nimebakiwa na milango mitatu.

Eunsil

—

Busan, 22 Desemba 1993

Mwanangu,

Baba yako hana ugonjwa wowote. Kifua ni chake kile kile cha kukoroma. Huo uongo nauondoa kwanza, kwa sababu ni mdogo.

Sikuzaliwa Hapcheon. Nilizaliwa kwenye nyumba hiyo unayonasia sauti, chumba cha upande wa jiko. Unayemwita Bibi ni mama yangu mzazi, kwa hiyo kumwita Bibi hukukosea. Alikujua kwa mdomo wako siku ya kwanza. Mdomo huo ni wake.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilikuwa na milango kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hutolewa mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka wa kimila, si wa kalenda, na ukishaupokea hulali tena nje ya kisiwa hata usiku mmoja, mpaka kufa. Mimi nilitaka kuona gari moshi. Ndiyo sababu yangu yote, usitafute nyingine kubwa zaidi. Asubuhi ya siku hiyo niliingia kwenye boti ya mboga, nikajilaza chini ya kabichi. Mdogo wangu Taeseok aliniona. Hakupiga kelele, alinipungia mkono tu.

Wimbo ule ukikataliwa ukiwa umefika mlango wa kumi na mmoja, bahari huenda nyumbani kwa aliyekataa. Nilijua hivyo, kila mtoto wa Dolmando anajua. Nikajiambia ni maneno ya wazee. Siku ya ishirini Taeseok alizama kwenye maji ya magoti, akiosha kikapu. Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, yeye akala peke yake.

Tangu hapo mimi ni mtu wa Hapcheon. Nauza vifungo kwa sababu kifungo hakina uhusiano na samaki. Na katika watoto wangu wawili, mmoja amekwenda kuvua ngisi, mwingine amekwenda kugonga mlango wa mama yangu akiwa na kinasa sauti. Sijui nicheke au nilie, basi huwa nafanya yote.

Usipokee wa kumi na mmoja. Mwambie una homa. Ningoje niwaze.

Mama

—

Seoul, 10 Januari 1994

Ndugu Pyo Eunsil,

Heri ya mwaka mpya. Milango kumi kwenye kanda ni ushindi, na sasa miwili iliyobaki isikushinde. Homa uliyoniandikia hupona.

Kuhusu mrithi, usihangaike tena. Mwenyekiti wa kijiji alipigiwa simu na ofisi yetu, na alipoulizwa mrithi wa bibi ni nani alijibu bila kusita kwamba ni wewe. Nilishangaa, kisha nikaona ni jambo la heri: mtafiti aliyepokelewa kama mtoto wa nyumba. Nimejaza jina lako kwenye fomu na kupiga muhuri. Ni utaratibu wa karatasi tu, haukufungi chochote.

Prof. Ma Dongcheol

—

Dolmando, 27 Januari 1994

Mama,

Mlango wa kumi na mmoja ninao. Sikuuomba. Nilijifunika blanketi nikasema nina homa, kama ulivyoniagiza, na Bibi akaja akakaa kitandani, akanishika paji la uso, akauimba wote polepole kama mtu anayembembeleza mtoto. Niliziba masikio. Ukishakuwa na kumi, wa kumi na mmoja unajipanga wenyewe.

Nilimwambia nimejua yeye ni nani kwangu. Akauliza, "Malsun anakula vizuri?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Aliliona hilo gari moshi?" Nikasema ulinipandisha nikiwa mdogo, ukanikatalia dirisha ukakaa wewe. Akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo hajaamka kitandani. Nampa uji kwa kijiko. Mama, hana ubaya. Ningependa awe na ubaya.

Nilimwambia pia kwamba nina shahada ya kumaliza, nina miaka ishirini na tisa, siwezi kuishi hapa mpaka kufa. Akaniambia, "Basi nenda. Mimi sikufungi. Ila una ndugu?" Nilikwenda ofisi ya kijiji, nikapiga simu kampuni ya boti ya Eunho. Wako mbali, hawatagusa bandari mpaka mwezi wa tatu.

Mwezi mpevu ni Februari ishirini na nne. Nikipanda boti kabla ya hapo nitakuwa nimekataa. Nikibaki, sitaandika tena chochote. Mchana najiambia mimi ni msomi na haya ni mambo ya kuandikwa kwenye tanbihi. Kisha namfikiria Eunho akiosha kitu chochote kwenye maji.

Niambie nifanye nini. Sijakuuliza hivyo tangu nikiwa darasa la pili.

Eunsil

—

Dolmando, 3 Machi 1994

Eunsil,

Natumaini umefika Seoul, umelala, na umekula kitu chenye pilipili. Pale gatini, mimi nashuka na wewe unapanda, hatukupata nafasi ya kuongea, boti ilikuwa inapiga honi na wewe ulikuwa unalia kwa kelele. Nakuandikia sasa kwa utulivu.

Ulinitazama vibaya nilipokuinamia. Mama kumpigia magoti mtoto wake mbele ya kijiji kizima, akinyoosha mikono miwili kama yeye ndiye mdogo: najua uliona aibu. Lakini kengele haitoki mkononi mwa mtu kwa njia nyingine. Inapokelewa kama ilivyotolewa. Nilikuwa nadaiwa magoti hayo miaka thelathini na tisa, na afadhali nimeyapiga kwako.

Mama yangu aliniuliza swali moja tu: "Umekuja na kabichi?" Tulicheka, tukalia, nikamchana nywele. Mwezi ulipopevuka alinipa wa kumi na mbili. Siku mbili baadaye alikufa, saa nne asubuhi, nikiwa namwambia habari za bei ya vifungo. Nilimuosha mwenyewe. Alipokata roho kengele ilirudishwa na kufungwa kwenye mkono wake wa kulia, kama ilivyo desturi, na mwanamke wa nyumba anayemuosha ndiye anayeifungua. Nimeifungua. Imekwisha, mimi ndiye Mshika Kengele, na wanaume wazima wananiuliza kama watoke au wasitoke. Jana nikawaambia watoke. Wamerudi wote. Sikulala nilipokuwa nawangoja.

Eunho amenipigia simu kutoka bandarini, mzima, analalamika chakula. Huyo sasa hana deni na bahari.

Baba yako mfundishe kupika wali. Nilimwambia naenda kumuuguza shangazi. Mwambie ukweli ukipata siku nzuri, hatashangaa sana. Mtu aliyeishi nami miaka yote hiyo anajua sijawahi kukanyaga ufuko wa Busan.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, andika kwamba wimbo una milango kumi na mmoja. Usiseme wa mwisho umepotea, maana kilichopotea hutafutwa. Sema haupo.

La pili ni hili. Siku utakaposikia nimekufa, usije. Mwanamke yeyote mwingine hapa hatathubutu kuniosha, na Eunho ni mwanamume, hawezi. Waniache hivyo hivyo, wanizike na jasho langu na kengele mkononi. Najua ninachokuomba. Mtoto asiyemzika mama yake hutemewa mate, na wewe utatemewa. Vumilia. Usije.

Mama yako,
Malsun wa Dolmando

—

Seoul, 12 Juni 1994

Ndugu Pyo Eunsil,

Nimesoma rasimu ya mwisho. Ni kazi imara, na sitaizuia. Lakini mimi si mtoto. Uliniandikia mwenyewe Oktoba kwamba milango ni kumi na miwili, sasa unasema bibi alihesabu vibaya kwa uzee. Haya.

Nimearifiwa kwamba kuna mshika kengele mpya, mwanamke wa miaka karibu sitini aliyetokea bara, na kwamba huyo ndiye aliyeandikwa kwenye fomu badala yako. Ajabu, hukumtaja mahali popote kwenye tasnifu. Umri huo si mdogo, na urithi usipotee mara mbili. Wizara imekubali kutupa wapiga picha. Ukishavaa joho, mwezi wa tano mwakani tutakwenda mimi na wewe kumsikiliza.

Prof. Ma Dongcheol

—

Seoul, 26 Agosti 1994

Mama,

Leo nimevaa joho. Jua lilikuwa kali, na wenzangu wote walikuwa na mama zao waliovaa hariri, wakiwarekebishia kofia. Baba alikuja, tai imekaa upande. Nilimweleza mwezi wa nne. Siku mbili baadaye akauliza kama Dolmando kuna baridi, ili akutumie soksi. Zimo kwenye kifurushi hiki. Eunho ameacha boti. Anafanya kazi kwenye ghala la barafu na amekata nywele.

Siku ya utetezi mjumbe mmoja mgeni aliniuliza, "Wimbo huu hauonekani kama umekatwa? Sentensi ya mwisho inangoja kitu." Nikamtazama usoni, nikamwambia haungoji kitu, ndivyo unavyoisha. Miaka sita nimefundishwa kutoandika nisichokiona, na mwisho nimepewa udaktari kwa uongo mmoja. Siujutii. Profesa Ma nimemwambia sitakwenda naye. Akija peke yake na kamera zake, usimpe hata maji.

Kwa hiyo lile la kwanza nimelitimiza. La pili nimejaribu, Mama. Nimejifungia chumbani nikasema kwa sauti, "Sitakuja," mara nyingi, ili mdomo uzoee. Haukuzoea. Wewe ulimuosha wako. Siwezi kukaa Seoul nikijua umelala pale na vumbi la siku yako ya mwisho, na wanawake wamesimama mbali wakikuogopa.

Siku nitakaposikia umekufa, nitapanda boti ya Alhamisi ya kwanza. Nitakuosha, nitaifungua kengele, na nitabaki. Lakini usiogope kwa ajili ya watakaokuja baada yangu. Nimeshaamua, na sijamwambia mtu mwingine: sitazaa.

Mwanao,
Eunsil